Kenya: Namba ya Simu ni Amana

Zamani za simu ya mezani, aliyenyanyua mkono wa simu hakumjua anayepiga mpaka asikie sauti yake. Leo namba huonekana kabla ya neno la kwanza, na zipo programu zinazoonyesha hata jina. Faida yake ni dhahiri: tapeli huweza kutambulika mapema, na askari wa zamu huweza kumrudia mwananchi aliyeomba msaada simu ikakatika.

Lakini majina hayo hutoka wapi? Mengi yamepatikana katika orodha zilizomo ndani ya simu za watumiaji. Mtu mmoja akiifungulia programu orodha yake, huwatoa pia ndugu, majirani na wakubwa wake wa kazi, ambao hawakuulizwa.

Nchini Kenya jambo hilo limekwisha kuleta machungu. Wako wakopeshaji wa njia ya simu waliochukua namba zilizomo katika simu za wakopaji, kisha wakawapigia jamaa na waajiri ili kumwaibisha mdaiwa. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalinda faragha ya mawasiliano, na mwaka 2019 ikatungwa Sheria ya Ulinzi wa Data. Septemba 2023, Kamishna wa Data aliitoza kampuni moja ya mikopo faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya, kwa kuwatishia watu ambao majina na namba zao ilizipata kwa watu wengine.

Adhabu hiyo ni fundisho. Haki ya kumjua anayepiga haimpi mtu ruhusa ya kuzigeuza namba za wenzake kuwa bidhaa.

Fundisho hilo linavihusu pia vyombo vya dola. Sheria ya Kenya inatoa nafasi kwa mahitaji ya usalama wa taifa. Lakini nafasi hiyo ni ya kazi, si ya udadisi wa mtu binafsi. Orodha ya askari ina namba za makamanda, za wenzake kikosini, na ya raia aliyepiga kwa siri kumfichua jambazi. Jina la raia huyo likivuja, hatapiga tena, na jirani yake hatathubutu kupiga kabisa.

Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023. Hata hivyo, hakuna sheria iwezayo kufunga mlango ambao mlinzi mwenyewe ameuacha wazi. Askari amekabidhiwa maisha na mali za watu. Namba aliyopewa kwa siri haina budi kulindwa vivyo hivyo.