Kumtafuta Fundi Mwaminifu wa Injini za Malori katika Ufipa

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi habari ya jambo ambalo huenda likaonekana kuwa ni la wenye magari tu, walakini kwetu Ufipa lamhusu hata mtu asiye na baiskeli. Jambo lenyewe ni hili: injini ya lori ikiharibika, tuipeleke kwa fundi gani?

Nchi yetu iko juu sana. Mji wa Sumbawanga u karibu meta 1,800 juu ya bahari, na reli haiufikii. Reli ya TAZARA yapita Tunduma, na ile itokayo Tabora yakomea Mpanda. Kwa hiyo mahindi na maharage yetu hutoka kwa lori, na saruji, chumvi, mabati na vitabu vya shule huja kwa lori. Barabara ya lami ya kwenda Tunduma, yapata kilomita 220, ilikamilika katika miaka ya 2010, na tangu hapo malori yameongezeka, na gereji nazo zimeongezeka. Kibao chenye neno "fundi" sasa chaonekana kila kona. Lakini kibao hakipimi ufundi.

Zamani Wafipa walikuwa wafua chuma wenye sifa. Tanuru zao ndefu, malungu, zapita kimo cha mtu, na nyingine zingali zimesimama porini hata leo. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kichafu, nacho kilitiwa tena katika tanuru ndogo, kintengwe, kikavukutwa kwa mivukuto kabla ya kufuliwa jembe. Jembe hilo mnunuzi aliweza kulishika mkononi, kuligeuza, kuligonga na kulijaribu shambani. Injini si hivyo. Imefungwa, kazi ya fundi yafunikwa na chuma, na mwenye lori haioni mpaka siku itakapovunjika njiani. Ndiyo maana twasema kwamba katika kazi hii uaminifu ni nusu ya ufundi wenyewe.

Yafaa kwanza tujue injini ya dizeli hufanyaje kazi, kwa maana asiyejua lolote hudanganywa kwa lolote. Mjerumani Rudolf Diesel aliitengeneza ikafanya kazi vema mwaka 1897. Haina cheche ya umeme ya kuwashia mafuta kama ile ya petroli. Pistoni hupanda na kuubana upewo ndani ya silinda mpaka ubaki kama sehemu moja tu katika sehemu 16 au 18 za kwanza. Upepo uliobanwa hivyo huwa wa moto kupita digrii 500. Hapo nozeli hunyunyiza dizeli kwa matundu membamba sana, nayo huwaka yenyewe. Basi mambo ni matatu: upepo safi, mbano wa kutosha, na mnyunyizo mzuri.

Moshi hueleza mengi. Moshi mweusi maana yake dizeli imezidi upepo. Huenda chujio la upepo limeziba kwa vumbi, au nozeli yatiririsha badala ya kunyunyiza. Moshi wa samawati ni mafuta ya injini yanayoungua, na aghalabu ringi zimechakaa. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikisha kupata moto ni dizeli isiyoungua, au maji yaliyopenya ndani. Tena huku kwetu juu upepo ni mwepesi kuliko ule wa pwani kwa karibu sehemu moja katika sita. Injini ya zamani isiyo na tabo, iliyorekebishwa Dar es Salaam, yaweza kutoa moshi mweusi Sumbawanga bila kuwa na ugonjwa mkubwa. Haya si mageni kwa fundi wa kweli.

Sasa tuwaambieni yaliyotupata sisi wenyewe. Jamaa kumi wa kijiji kimoja pamoja na sisi walimu wawili tulichanga fedha, tukakopa na nyingine, tukanunua lori la Fuso lililokwisha tumika. Lilipeleka mahindi Tunduma, na msimu wa mpunga lilishuka bondeni, upande wa Muze, kwa njia ya Lyamba lya Mfipa, ule ukuta wa mlima utenganishao Ufipa na bonde la Ziwa Rukwa. Kutoka bondeni hata juu ni kupanda karibu meta elfu moja. Mwaka 2017 lori likaanza kutoa moshi mweusi na kukosa nguvu mlimani.

Tukalipeleka gereji moja, ambayo hatutaitaja. Fundi alisikiliza mlio kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, akasema, "Injini imekwisha. Ni kuifungua yote." Hakupima kitu. Sisi, ingawa ni walimu, hatukuuliza swali hata moja. Tuliona haya kuonekana wajinga mbele ya mtu mwenye mikono myeusi kwa grisi. Alitaka fedha ya spea kwanza, tukampa, fedha ya kutosha kununua ng'ombe sita. Hapakuandikwa mkataba wala risiti. Wiki tano lori lilikaa pale, na mahindi yetu yakangoja ghalani hata bei ikashuka.

Lilipotoka lilinguruma vizuri, tukafurahi. Safari ya tatu, likipanda kutoka bondeni na magunia ya mpunga, na juu ya magunia wameketi watu wanane, likaanza kugonga ndani kama mtu apigaye mlango. Taa ya mafuta ikawaka, na injini ikakata. Mjue kwamba katika malori mengi makubwa upepo wa breki hutoka katika pampu iendeshwayo na injini; injini ikifa, upepo hauongezeki tena. Utingo alikuwa mwepesi, akaweka mawe chini ya magurudumu. Wale wanane waliteremka wazima. Twamshukuru kijana yule kila tunapopita mahali pale.

Wengine kijijini walisema jirani ametufanyia uchawi. Mzee mmoja akawajibu akicheka, "Jina la mji wetu ni Sumbawanga, yaani utupeni uchawi, ninyi mwauokota?" Lakini kicheko hakikulipa deni. Mwenzetu mmoja aliuza madume mawili ya ng'ombe. Mwingine alikuwa na binti aliyechaguliwa kidato cha tano, na ada ya kidato hicho wakati ule ilikuwa bado yalipwa. Binti akachelewa muhula mzima nyumbani. Tulipomrudia fundi, alisema kosa ni la dereva. Nasi hatukuwa na karatasi yoyote ya kumwonyesha mtu.

Kwa aibu tukaanza upya. Safari hii hatukuuliza, "Fundi gani hodari?" kwa kuwa kila mtu humsifu shemeji yake. Tulikwenda kwa madereva waliopanga foleni Tunduma, tukauliza, "Injini yako ilifunguliwa na nani mara ya mwisho, na tangu hapo imekwenda miezi mingapi?" Jina moja lilirudi mara nne.

Gereji yake ilikuwa ndogo, tena haina kibao. Alikuwa kijana kuliko sisi, akatusalimu, "Shikamooni, walimu." Kabla ya kushika spana alichukua daftari akauliza: mafuta ya injini yalibadilishwa lini, dizeli mwanunua wapi, moshi ulianza lini, ni asubuhi kukiwa na baridi au mlimani na mzigo? Kisha akafungua injini mbele yetu, akapanga kila kitu juu ya meza kwa utaratibu. Beringi moja ya krenki ilikuwa imeyeyuka. Akapima krenki kwa kipimo cha maikromita, akatuonyesha namba. Sehemu ya kumi tu ya milimita yatosha kuharibu kazi, nasi twajua kwamba unywele wa kichwa una unene usiofika hapo. Yule wa kwanza alitia beringi mpya juu ya krenki iliyochakaa bila kuipima. Na zile pistoni mpya tulizolipia? Zilikuwa pistoni zetu za zamani, zimesuguliwa zikang'aa.

Ndipo akauliza, "Mwalimu, mwanzo kabisa lilikuwa likifanyaje?"

Tukajibu, "Moshi mweusi mlimani, na nguvu kidogo."

"Lilikuwa likila mafuta ya injini?"

"La."

"Asubuhi liliwaka kwa shida?"

"La, liliwaka mara moja."

Akanyamaza kitambo. Kisha akaenda kwenye kasha la chujio la upepo, akalitoa, akaligonga chini. Vumbi lililotoka lingejaza bakuli. "Pengine," akasema kwa upole, "lilihitaji hili na nozeli tu."

Hatukuwa na la kusema.

Jambo jingine lilitufanya tumwamini. Krenki ilitakiwa kusagwa, na nozeli zijaribiwe kwa mtambo wa kupimia mnyunyizo. Akasema, "Mitambo hiyo sina. Nikisema ninayo nitakuwa mwongo. Nitaandika vipimo, mtu wenu azipeleke Mbeya, naye arudi na karatasi ya majibu." Ni safari ya kilomita zaidi ya 300, tena ni gharama. Lakini fundi akiriye mpaka wa uwezo wake amekwisha kukuonyesha nusu ya tabia yake. Yule wa kwanza alijua kila kitu.

Spea tulikwenda kununua pamoja naye, tukalinganisha namba za kasha na za kitu kilichomo, tukachukua risiti zenye jina letu. Bidhaa bandia zipo, na kasha zuri ni rahisi kuchapwa. Nati za silindahedi alizikaza kwa spana yenye kipimo cha mkazo, kwa zamu, kwa utaratibu wa kitabu cha lori, wala si kwa nguvu za bega. Dereva wetu alilala pale gereji siku zote za kazi. Fundi hakukasirika, bali alimpa ovaroli na kazi ya kuosha vyuma.

Mapatano tuliyaandika katika ukurasa mmoja: namba ya injini, kazi itakayofanywa, nani anunua spea, ujira ni kiasi gani na utalipwa kwa mafungu gani, siku ya kumaliza, na kwamba vyuma vyote vya zamani vitarudishwa kwetu. Pande zote mbili tukatia sahihi, na mashahidi wawili. Msidhani karatasi hii yamlinda mwenye lori peke yake. Sheria ya Mikataba ya Tanzania yampa fundi naye haki ya kulizuia gari mpaka alipwe ujira wa kazi aliyoifanya, na mafundi wengi hudhulumiwa na wateja watoao lori usiku.

Hapa hatuna budi kujisema sisi wenye malori. Twanunua dizeli ya madumu kando ya njia kwa kuwa ni rahisi, na maji yaliyomo huua pampu na nozeli. Twapitisha wakati wa kubadilisha mafuta. Twamficha fundi kwamba injini iliwahi kuchemka. Kisha twatafuta fundi wa bei ya chini kuliko wote, na akitudanganya twashangaa.

Watu hutuuliza kama cheti chatosha. Cheti cha VETA ni kitu kizuri, twamshauri kila kijana apendaye kazi hii akitafute, maana humfundisha kusoma vipimo na vitabu. Walakini tumewaona wenye cheti wasiopima, na wasio na cheti wapimao. Ingieni gereji mtazame. Je, sakafu imefagiwa? Injini iliyo wazi imefunikwa, au yapigwa na vumbi la barabarani? Vipimo viko wapi, navyo vyashikwa mara kwa mara au vimeota kutu? Mwulizeni fundi awaeleze ugonjwa kwa maneno ambayo mtoto wa darasa la tano angefahamu. Akikasirika, mwageni kwa adabu.

Lori letu lilirudi barabarani. Fundi alituagiza tubebe nusu ya mzigo kwanza, tubadilishe mafuta mapema baada ya kilomita chache za mwanzo, kisha tulirudishe kwake asikilize. Tulifanya hivyo. Lilipanda Lyamba mara nyingi baada ya hapo, na deni tulilimaliza katika msimu wa pili. Binti yule alimaliza kidato cha sita.

Ile beringi iliyoyeyuka tuliiomba, nayo sasa iko juu ya meza yetu chuoni. Wanachuo wetu hujifunzia juu yake namna ya kutumia maikromita, na kila mwaka huuliza kwa nini mwalimu ameweka chuma kibovu karibu na chaki. Jioni nyingine, tukijaliwa, tutaongea habari za matairi. Kwaherini.