Duka chini, familia juu

Msikilizaji, katika uchambuzi wa leo tutazame matumizi mseto ya ardhi mjini: duka chini, ofisi katikati, familia juu. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, kiwanja cha makazi Dar es Salaam hakigeuzwi cha biashara bila kibali.

Mseto huu unakuhusu nini? Kazi ikiwa jirani, nauli ya daladala kutoka Mbagala hadi Kariakoo inabaki mfukoni. Lakini upande wa pili, mkazi wa Sinza anayenyimwa usingizi na muziki wa baa naye ana hoja. Na maji taka ya jengo lenye duka, ofisi na familia, tukumbuke, hayasubiri kibali.

Kwangu mimi, mseto ni sahihi, mradi karakana ya kuchomelea ikae mbali na vyumba vya kulala. Sasa tujiulize: kibali kikishatolewa, nani anarudi kukagua?