Nani Huchagua Majaji wa Mahakama ya Juu?

Hapa kwetu Kitui na Makueni, mwenye kesi ya mpaka wa shamba husema, "Nitaenda mpaka Mahakama ya Juu!" Pole pole. Hiyo si Mahakama Kuu. Iko juu hata ya Mahakama ya Rufaa, na kesi ya mpaka ni nadra kufika huko, isipokuwa ina jambo la katiba au linalogusa wananchi wengi. Majaji wake ni 7, na wakiketi lazima wawe angalau 5. Kesi ya kupinga uchaguzi wa rais huanzia hapo, nayo huamuliwa kwa siku 14 tu. Ndiyo iliyofuta ule wa Agosti 2017.

Zamani rais alimteua Jaji Mkuu mwenyewe. Tangu katiba ya 2010, Tume ya Huduma za Mahakama hutangaza nafasi, huhoji waombaji hadharani, kisha humpelekea rais jina. Jaji Mkuu na naibu wake hupitishwa na Bunge pia. Mwana wa Kitui, Willy Mutunga, alipita njia hiyo mwaka 2011. Aliulizwa mpaka habari za kipuli chake cha sikioni!

Sasa shikeni hili, maana wengi hawalijui. Kabla ya mahojiano, tume huomba wananchi watoe maoni juu ya waombaji. Kama mnamjua mmoja wao, kwa wema au kwa ubaya, kikundi kiandike barua yenye ushahidi, si porojo. Na jaji akivunja maadili baadaye, mtu yeyote anaweza kuiandikia tume hiyo kuomba aondolewe, akieleza yaliyotokea. Nakala ya barua ibaki kwa katibu.