Sufuria Moja

Hapa Kibirichia baridi ya Mlima Kenya hutukusanya motoni. Siku ya kazi ya kanisa tunapika sufuria moja: huyu ameleta mahindi, yule maharagwe, na viazi, zao letu, havikosekani. Mahindi na maharagwe hutangulia, maana ni magumu. Viazi hutiwa mwisho visije vikapondeka. Nasi hungoja. Wachina nao huweka sufuria ya mchuzi juu ya moto katikati ya meza. Kila mlaji hutia humo nyama na mboga, zikiiva akaopoa.

Lakini yuko mama mjane ambaye haji. Husemwa ana shughuli. Shughuli gani? Ni haya tu. Viazi vyake vilioza shambani, hana cha kuleta.

Kule Korintho wenye chakula walitangulia kula, maskini wakabaki na njaa. Paulo hakuwasifu, aliwaagiza wangojane (1 Wakorintho 11). Sufuria ikiisha kuchemka, nani atatambua kiazi cha nani? Basi kabla ya kupakua, mmoja wetu aende akamwite mama huyo, na akifika apewe mwiko akoroge, asikae kama mgeni.