Tiba Mpya Mikononi mwa Tabibu

Mei 2023, kwenye mkutano wa kimataifa wa afya ya mama na mtoto uliofanyika Cape Town, yalitangazwa matokeo ya majaribio ya E-MOTIVE kuhusu kuvuja damu baada ya kujifungua, na kifaa kilichozungumzwa zaidi kilikuwa mfuko wa plastiki. Mfuko huo hutandikwa chini ya mama mara mtoto anapozaliwa, damu ikaingia humo, na ubavuni mwake mna mistari ya vipimo. Damu ikifika mililita 300, mhudumu anatazama mapigo ya moyo na presha. Kukiwa na dalili mbaya, tiba inaanza. Ikifika 500 hakuna tena cha kusubiri, hata mama akiwa bado anaongea na kumtazama mwanawe.

Kabla ya hapo damu ilikadiriwa kwa macho, na sehemu nyingi bado ndivyo ilivyo. Anayeijua wodi ya wazazi ya Tanzania anajua ugumu wake: mama amekuja na khanga zake, moja ametandikiwa, nyingine amejifunga, na khanga hunywa damu nyingi kabla haijaonekana sakafuni. Mhudumu anaandika “kiasi cha kawaida” kwenye faili, na saa moja baadaye presha haisomeki.

Majaribio hayo yalifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, yakahusisha wanawake zaidi ya 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Waliopoteza lita moja ya damu au zaidi, waliopasuliwa tumbo kwa sababu ya kuvuja damu, au waliofariki kwa sababu hiyo, walipungua kwa asilimia 60 wakilinganishwa na hospitali zilizoendelea na utaratibu wa zamani. Katika hospitali hizo za utaratibu wa zamani, karibu nusu ya akina mama waliovuja damu kupita kiasi hawakugunduliwa.

Dawa zilizotumika ni za siku nyingi. Oksitosini imo wodini tangu miongo kadhaa iliyopita. Asidi ya traneksamiki, inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke, iligunduliwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Utako Okamoto na mumewe Shosuke. Ilibidi kungoja hadi 2017 ndipo majaribio ya WOMAN, yaliyofanyika katika nchi 21 kwa wanawake 20,060, yalipothibitisha kwamba inapunguza vifo vya kuvuja damu baada ya kujifungua, na kwamba inafaa zaidi ikitolewa ndani ya saa tatu. Utako alifariki 2016, mwaka mmoja kabla ya jibu kutoka. E-MOTIVE ilibadilisha mpangilio wa kazi: tumbo linasuguliwa, oksitosini inaingia, traneksamiki inaingia, dripu inafunguliwa na njia ya uzazi inakaguliwa, vyote kwa mkupuo mmoja. Zamani kimoja kilijaribiwa, kikingojewa kishindwe, ndipo kingine kifuate.

Hapo ndipo penye hoja ya mhadhara huu. Tiba nyingi zinazoitwa mpya katika hospitali za wilaya, vituo vya afya na zahanati zinahitaji mikono iliyozoea kufanya mambo kwa mpangilio, na mikono hiyo kwa sehemu kubwa ni ya wakunga, wauguzi na matabibu. Elimu ya matabibu ndiyo inayoamua iwapo ugunduzi utamfikia mgonjwa, na elimu hiyo bado inatolewa mbali mno na kitanda chake.

Kada hii ya matabibu, wanaotibu bila shahada ya udaktari, haikuzaliwa jana. Tanzania ilianza kuwafunza madaktari wasaidizi mwaka 1963, ikichukua matabibu wenye uzoefu na kuwaongezea miaka miwili ya masomo, upasuaji ukiwemo. Miaka miwili baadaye, 1965, Eugene Stead alianzisha programu ya wasaidizi wa madaktari katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, kwa wanafunzi wanne waliokuwa wahudumu wa tiba katika jeshi la majini. Watatu wakahitimu 1967. Ghana ikafuata kwa chuo cha Kintampo mwaka 1969. Leo Marekani ina wasaidizi wa madaktari zaidi ya 170,000, na Kenya ina sheria ya mwaka 2017 inayosimamia mafunzo, usajili na leseni za maafisa wa kliniki. Anayedhani Afrika Mashariki iliiga wazo hili kutoka Marekani aangalie tarehe.

Na kazi ya kada hii imepimwa. Kigoma, kati ya 1984 na 1991, Daktari Godfrey Mbaruku na wenzake walishusha vifo vya wajawazito katika hospitali ya mkoa kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000, kwa hatua nyingi ndogondogo zilizotegemea watumishi na vifaa vilivyokuwepo. Mwaka 2009 Mbaruku alikuwa miongoni mwa watafiti waliochapisha uchunguzi wa zaidi ya wajawazito 1,100 wenye matatizo, katika hospitali za Mwanza na Kigoma. Upasuaji mwingi wa dharura ulifanywa na madaktari wasaidizi, na matokeo yao hayakutofautiana kwa maana yoyote na ya madaktari wenye shahada. Utafiti huo ungestahili kusomwa katika kila kikao kinachojadili ukubwa wa vyeti bila kuuliza nani yuko zamu saa nane usiku.

Malaria kali inaonyesha upande wa pili wa jambo hili, yaani kile ambacho tiba mpya inamdai anayeitoa. Mwaka 2010 majaribio ya AQUAMAT, yaliyohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, zikiwemo hospitali za Korogwe, Muheza na Kilifi, yalionyesha kuwa sindano ya atesuneti inapunguza vifo kwa zaidi ya moja ya tano ikilinganishwa na kwinini. Dripu ya kwinini ya saa nne kila baada ya saa nane, pamoja na hofu ya sukari kushuka, ikaanza kuondoka wodini. Lakini atesuneti nayo ina masharti. Ni unga unaochanganywa na maji yake ya bikaboneti hadi uyeyuke na uwe angavu kabisa, kisha unaongezewa maji ya chumvi, na ukishachanganywa haukai. Mtoto asiyefika kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo, aliyefika hapo au zaidi 2.4, kwa hiyo bila mzani kipimo ni cha kubahatisha. Baada ya dozi tatu za kwanza na mgonjwa kuweza kumeza, lazima amalizie vidonge vya dawa mseto. Na baadhi ya wagonjwa hupungukiwa damu wiki moja hadi nne baada ya kupona. Tabibu asiyefundishwa hilo atampokea mtoto mweupe wa viganja, atapima malaria, atakosa vimelea, na hatakumbuka kuuliza kuhusu sindano za mwezi uliopita.

Hali ni hiyo hiyo kwa kabetosini isiyoharibiwa na joto. Majaribio ya mwaka 2018, yaliyohusisha wanawake karibu 30,000 katika nchi 10, Kenya na Uganda zikiwemo, yalionyesha kuwa inazuia kuvuja damu sawa na oksitosini, tena bila kuhitaji jokofu. Kwa zahanati yenye umeme wa mashaka hiyo ni habari kubwa. Ila iliingia kwenye miongozo kama dawa ya kuzuia, na anayefundishwa jina lake tu anaweza kuinyanyua kutibu mama ambaye damu imeshaanza kumtoka.

Basi mambo haya yafundishweje? Jibu zuri zaidi limetoka Haydom, hospitali ya Kilutheri iliyoko Mbulu, mkoani Manyara. Mwaka 2010 watumishi wake walipewa kozi ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga apumue, wakitumia mwanasesere na mfuko wa kupumulishia. Walipopimwa kwa mwanasesere walifanya vizuri kuliko mwanzo. Walipofuatiliwa kwa watoto halisi, kazi yao haikuwa imebadilika. Hospitali ingeweza kuorodhesha waliohudhuria na kufunga faili. Badala yake matokeo hayo yalichapishwa, na hilo pekee linastahili heshima.

Kuanzia 2011 utaratibu ukageuzwa. Mwanasesere na mfuko vikawekwa ndani ya chumba cha kujifungulia, na watumishi wakawa wanafanya zoezi la dakika tatu hadi tano kila wiki, wakiwa na sare zao, kazini kwao, pamoja na marudio ya dakika 40 kila mwezi. Watoto wengi zaidi wakaanza kusuguliwa ili wapumue, na waliohitaji mfuko wakapungua. Vifo vya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila vizazi hai 1,000. Watumishi ni wale wale na jengo ni lile lile.

Wazo hilo likakua. Mpango wa Uzazi Salama ulipeleka mazoezi ya namna hiyo, vifaa vya kufuatilia mapigo ya moyo ya mtoto na utaratibu wa kutumia takwimu za kituo chenyewe katika vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025, kutokana na karibu uzazi 300,000, yalionyesha vifo vya akina mama vikishuka kwa asilimia 75 na vya watoto katika saa 24 za kwanza kwa asilimia 40.

Wakati huo huo elimu endelevu kwa sehemu kubwa ingali inahesabiwa kwa kukaa. Msaidizi wa daktari wa Marekani hudaiwa saa 100 za mafunzo kila miaka miwili ili abaki na cheti chake. Afrika Mashariki hesabu mara nyingi ni semina: siku mbili au tatu ukumbini, picha ya pamoja, posho, kisha safari ya kurudi kwenye kituo ambako mtumishi aliyebaki zamu peke yake hakujifunza chochote. Posho si kosa la anayeipokea. Kosa ni kupanga bajeti ambayo ina fungu la ukumbi lakini haina fungu la mwanasesere na mifuko ya vipimo, wala la muda wa mtumishi mmoja wa kusimamia zoezi la Jumatatu asubuhi.

Vyuo vya afya navyo vina deni. Mwanafunzi wa utabibu anaweza kutajiwa dozi zote za atesuneti akapata alama nzuri, akahitimu bila kuwahi kuichanganya mbele ya mtu anayejua. Mtihani wake wa mwisho ungefaa ufanyikie meza yenye chupa, mzani na saa ya ukutani, na msimamizi wa mafunzo kwa vitendo alipwe kwa kazi hiyo. Kwa sasa tabibu mwandamizi huachiwa wanafunzi kumi huku wagonjwa sitini wakimsubiri nje. Mganga mfawidhi anayetaka kuanza mazoezi kama ya Haydom wiki hii anahitaji dakika tano katika makabidhiano ya zamu, na daftari la kuandika nani amefanya zoezi na wapi alikwama.