Jina la Mchezo

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo lionekanalo dogo, nalo ni jina la mchezo.

Katika nchi yetu ya Dodoma na Kondoa hukutana Wagogo, Warangi, Waburunge, Wasandawe na Wamasai. Lugha zao si za ukoo mmoja. Kisandawe kina vidoko ambavyo Mgogo hanavyo kinywani. Basi watoto wa shule wakibuni mchezo, wauite nini? Wakitwaa neno la kabila moja lililo gumu kwa wengine, mtoto achekwaye kwa kulitamka vibaya hukaa kando, asicheze tena.

Na tutazame mfano mmoja. Mwaka 1983 Bibi Leslie Scott, Mwingereza aliyekulia Afrika Mashariki, alionyesha mjini London mchezo wa vipande vya mti 54, vipangwavyo vitatu vitatu hata vikawa mnara. Kila mchezaji huchomoa kipande chini na kukiweka juu, mpaka mnara uanguke. Aliuita Jenga, neno letu la Kiswahili. Wafanya biashara walipotaka jina jingine, hakukubali. Na leo mchezo huo wajulikana duniani kwa jina hilohilo.

Kwa nini jina hili lilifaa? Kwanza, ni fupi, nalo huishia kwa irabu. Pili, kwetu lina jamaa wengi: Mgogo husema kuzenga, na Msukuma vivyo hivyo. Tatu, kwa mgeni halina maana nyingine, basi akilisikia huufikiria mchezo tu. Hata hivyo halikosi kizuizi, maana Mjerumani akiiona herufi j huisoma kama y yetu. Kumbe jina hupita kinywani na machoni pia.

Labda mtauliza: mbona bao lina majina mengi? Waganda huliita omweso, Wasukuma isolo, na watu wa Malawi bawo. Ni kweli, lakini mchezo wa kale mtoto hufundishwa na wazee wake, kwa lugha ya nyumbani. Mchezo mpya huwakutanisha watu wasiojuana, nao wahitaji neno moja la kuitana.

Kwa hiyo, ninyi wanafunzi, kabla ya kuchagua, kila mmoja na alitamke jina hilo mbele ya wenzake. Sauti za dh, gh na th ziepukeni, kwani wengi wetu wa bara husema zahabu badala ya dhahabu. Kisha kila mtoto na aulizwe kama neno hilo kwao ni tusi, au ni jina la mtu aheshimiwaye. Akiwapo mmoja wa kulikataa, tafuteni jingine. Maneno ni mengi, bali mwenzenu aliyeondoka uwanjani kwa aibu ni vigumu kumrudisha.