Oili Inatoka Wapi? Mazungumzo juu ya Matunzo ya Pikipiki Zilizokwisha Kutumika

(Yafuatayo ni maneno ya mratibu wa usafiri kwa wajumbe wa kamati za parokia katika semina ya matunzo ya vyombo vya usafiri.)



Nimeombwa nizungumze juu ya pikipiki zinazovuja oili. Pengine mtasema hiyo ni kazi ya fundi, kamati haihusiki. Lakini fundi akileta karatasi iliyoandikwa "injini ifunguliwe yote", mnaotia saini ni ninyi. Kwa hiyo naomba mtoke hapa na swali moja la kumwuliza kabla ya kutoa fedha: Oili inatoka wapi hasa?

Pikipiki zetu nyingi tumezipata zikiwa zimekwisha kutumika. Nyingi ni za silinda moja, zenye injini ya mtindo wa Honda CG125, ambayo ilitoka mwaka 1976 na baadaye ikaigwa sana na viwanda vya China. Injini hiyo hubeba oili kiasi cha lita moja tu, na oili hiyo hiyo ndiyo inayolainisha pistoni, gia na klachi. Ikipotea kiasi cha vijiko vitatu vya chakula kwa siku, baada ya siku 10 karibu nusu yake imekwisha. Hapo injini huchemka, vyuma husagana, na jambo dogo huwa kubwa. Aidha, oili ikifika kwenye tairi la nyuma au kwenye breki, mhudumu wa afya anayepeleka chanjo kijijini anaweza kuanguka. Kwa hiyo tusiseme "inavuja kidogo tu".

Sasa, namna ya kutafuta chanzo.

Kwanza, pimeni oili. Pikipiki isimame wima kwenye stendi kubwa mahali palipo sawa, injini iwe imezimwa dakika chache. Fuateni kitabu cha pikipiki, maana aina nyingine kijiti cha kupimia hufungwa, na nyingine huwekwa tu bila kuzungushwa. Oili ikizidi alama ya juu nayo huleta shida, kwa sababu husukumwa nje.

Pili, osheni injini ikiwa imepoa. Tumieni brashi, mafuta ya taa kidogo, kisha sabuni na maji. Zibeni njia ya hewa ya kabureta ili maji yasiingie. Petroli msitumie, ni hatari ya moto. Injini chafu haiwezi kuwaambia kitu.

Tatu, ikaushwe, kisha ipakwe poda ya mtoto sehemu zote zinazoshukiwa. Mpandeni aiendeshe mwendo mfupi, airudishe, aweke boksi safi chini yake. Poda itakapolowa mtaona njia ya oili. Kumbukeni kwamba oili hushuka chini na upepo huisukuma nyuma. Mahali inapodondokea si lazima pawe mahali inapotokea. Tafuteni sehemu ya juu kabisa na ya mbele kabisa iliyolowa.

Mahali panapovuja mara nyingi ni hapa:

1. Bolti ya kumwagia oili, chini ya injini. Washa yake imechoka au bolti haikukazwa sawasawa. Badilisheni washa. Msikaze kwa nguvu zote, kwani bolti ni ya chuma na injini ni ya aluminiamu. Meno yakikatika, washa ya bei ndogo imewaletea gharama ya kuchonga meno mapya.

2. Makava ya pembeni na kava la tapeti. Mtikisiko wa barabara mbovu hulegeza skrubu. Zikazwe kidogo kidogo kwa kukingamanisha. Ikiendelea kuvuja, gasketi ibadilishwe. Kupaka gundi nyingi juu ya gasketi iliyopasuka si dawa, na vipande vyake vikiingia ndani huziba njia za oili.

3. Sili ya shafti ya gia, na sili iliyo nyuma ya sproketi ndogo. Vumbi na mnyororo uliokazwa kupita kiasi huziharibu. Kwenye injini nyingi hubadilishwa kutoka nje bila kupasua injini. Lakini angalieni kwanza kama si grisi ya mnyororo tu inayowadanganya.

4. Mpira wa kupumulia injini. Ukijaa tope au ukikunjika, hewa ya ndani hukosa njia na kusukuma oili kwenye sili. Uzibueni kabla ya kununua sili mpya, vinginevyo na hiyo itavuja.

Ikiwa mpira huo unatoa moshi mwingi, bomba la moshi nalo linatoa moshi wa bluu, na oili inapungua hata pasipo tone chini, basi ringi au silinda vimechakaa. Hapo fundi anayetaka kufungua injini ana haki, na kamati itoe fedha kwa moyo mweupe.

Mkienda kununua pikipiki iliyotumika, jihadharini na injini iliyooshwa asubuhi hiyo hiyo. Ombeni iendeshwe nusu saa, kisha mwiname mwangalie chini. Gundi mpya iliyotapakaa kwenye maungio inaonyesha kuna kitu kimefichwa.

Kwa marafiki wanaotuchangia nina neno moja. Pikipiki hutolewa kwa furaha na hupigwa picha. Sili na gasketi hazipigwi picha, lakini bila hizo pikipiki hulala stoo. Tunaomba kila pikipiki inayotolewa ije pamoja na fungu la matunzo, hata kama ni dogo.

Nanyi wajumbe, kila pikipiki iwe na daftari lake. Mpandaji aandike tarehe, kilomita, kiasi cha oili alichoongeza, na spea iliyobadilishwa. Iwapo alikuwa akiongeza kikombe kila mwezi na sasa anaongeza kila wiki, daftari litawaambia kabla injini haijakwama njiani. Oili chafu msimwage chini wala karibu na kisima. Iwekwe kwenye galoni na kukabidhiwa gereji inayoikusanya.

Mkutano ujao, kabla ya ajenda ya fedha, naomba mjumbe mmoja atoke nje aweke boksi chini ya pikipiki ya parokia. Mkimaliza kikao, mkaliangalie pamoja.